Sauti Isipofuatana na Midomo: Video Katika Somo la Matamshi

Miongoni mwa zana za kufundishia zilizoingia katika shule zetu za msingi miaka ya karibuni, video ya kompyuta ndiyo inayopokelewa kwa shangwe kuliko zote, na ndiyo inayochunguzwa kidogo kuliko zote. Chati ikichanika huonekana. Redio ikikoroma husikika. Lakini video ambayo sauti yake imeachana na picha kwa sekunde moja huendelea mbele kama kwamba hapana lililotokea, watoto wametulia, mwalimu naye kasimama kando akiamini kwamba somo linafundishwa. Katika makala haya tunakusudia kuieleza hitilafu hiyo: hutoka wapi, hutambuliwaje, na hurekebishwaje pale inaporekebishika. Tunakusudia pia kutoa rai ambayo baadhi ya wakufunzi wenzetu hawatakubaliana nayo, nayo ni kwamba mwalimu mwanafunzi anayeizima mashine kwa sababu nzuri anastahili alama zilezile anazopewa aliyeiwasha.

Tuanze na tukio lenyewe. Wakati wa mazoezi ya kufundisha yaliyopita tulikaa nyuma ya Darasa la Pili katika shule moja ya ufukoni, mwendo mfupi kutoka Mwanza mjini, fomu ya tathmini ikiwa magotini. Mwanachuo wetu alifundisha matamshi ya th na s, dh na z. Somo lilichaguliwa vema. Watoto wengi wa sehemu hizi huja shuleni na Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kikara, na sauti hizo zilizoingia katika Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu huwapa taabu wengi wao. Thelathini huwa selasini, fedha huwa feza, na mtoto aandikapo huandika kile anachokitamka. Zaidi ya hayo, sauti hizi zina heri moja kwa mwalimu: zinaonekana. Atamkaye thamani huitoa ncha ya ulimi katikati ya meno. Atamkaye samani huuficha ulimi nyuma ya meno. Kwa hiyo mwanachuo alikuwa amempiga picha mwenzake kwa simu, uso peke yake, akitamka maneno mawili mawili kwa kupokezana: thamani, samani, thamani, samani; kisha dhana, zana, dhana, zana; na kati ya neno na neno pana nafasi ya sekunde moja na nusu hivi. Akazipanga picha hizo kwenye kompyuta mpaka zikafika dakika kumi na tano. Kazi hiyo ilimla siku mbili, nasi tulimsifu kabla hata hatujaiona.

Kipindi kilianza vizuri. Midomo na sauti vilikwenda pamoja, watoto wakaitikia. Kufikia dakika ya nne tulihisi jambo ambalo hatukuweza kulitaja. Kufikia dakika ya tisa tulimwona mtoto mmoja wa mstari wa pili akiutoa ulimi wake kwa uangalifu mkubwa, akaubana kwa meno, akasema neno ambalo spika ilikuwa imetamka samani. Hakuwa mtukutu. Alikuwa mtiifu kuliko wote: sikio lilimwambia samani, jicho likamwonyesha ulimi wa thamani, naye akajitahidi kuwatii wote wawili. Wenzake wa jirani wakamwiga.

Hapo nasi tukakosea. Tulijongea mbele ili kumsaidia mwanachuo. Programu iliyokuwa ikichezesha video ni VLC, ile ya bure iliyoanza kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale huko Paris mwaka 1996. Katika kompyuta za Windows, kitufe cha herufi J cha programu hiyo huivuta sauti itangulie, na kitufe cha K huichelewesha, kila mguso ukiwa milisekunde 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Sauti ilikuwa nyuma ya picha, basi ilipasa tuguse J. Kwa haraka, na kwa haya ya kutazamwa na watoto, tuligusa K mara kadhaa tukaiongeza ila ileile. Tulipojirudi tuligusa J mara thelathini na zaidi, mambo yakakaa sawa, tukarejea kitini tumeridhika nafsi zetu. Dakika tatu baadaye ulimi na sauti vilikuwa vimeanza kuachana tena. Hitilafu ile haikuwa ya kuchelewa tu. Ilikuwa ya kuzidi kuchelewa, nasi tulikuwa tumeitibu kama iliyotulia mahali pamoja.

Pengine msomaji atauliza kama sekunde moja, au nusu yake, ni jambo la kuandikia makala. Na tulitazame ziwa. Ukisimama ufukoni ukamwangalia fundi anayepigilia misumari ubao wa mtumbwi, naye yuko umbali wa mita 340, utaiona nyundo ikitua na mlio utaufikia baada ya sekunde moja, kwa kuwa mwendo wa sauti hewani ni takriban mita 340 kwa sekunde, ilhali nuru hufika papo hapo. Mtoto wa ufukoni amekua na jambo hilo. Ameona radi ikimulika upande wa Ukerewe kabla hajaisikia. Katika maumbile, sauti huja baada ya picha siku zote, na kamwe haitangulii. Ndiyo maana akili ya mwanadamu huisamehe sauti iliyochelewa kidogo na kuikataa upesi iliyotangulia. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la mwaka 1998 kuhusu utangazaji wa televisheni, uliweka kiwango ambacho mtazamaji huanza kuitambua hitilafu: milisekunde 45 sauti ikitangulia, milisekunde 125 sauti ikichelewa. Mtoto aliyekaa mita tisa kutoka kwenye spika huisikia sauti ikiwa imechelewa karibu milisekunde 26 kwa sababu ya umbali tu, wala hadhuriki.

Zingatia kwamba viwango hivyo ni vya mtazamaji anayeitambua hitilafu. Mtoto wa Darasa la Pili anayejifunza sauti asiyoijua hana cha kulinganisha nacho. Mwaka 1976 wanasaikolojia Harry McGurk na John MacDonald walichapisha katika jarida la Nature jaribio ambalo twaona lingefaa kufanywa katika kila chuo cha ualimu. Waliwaonyesha watu picha ya mdomo unaotamka ga, huku sauti iliyobandikwa juu yake ikiwa ba. Watu wazima wengi hawakusikia ga wala ba, walisikia da. Jicho lilikuwa limeingilia kazi ya sikio, na mwenye masikio hayo hakujua. Silabi hizo tatu ni silabi za Kiswahili, zimo katika chati ya ukutani ya kila Darasa la Kwanza. Tangu mwaka 2015 mtaala wa madarasa mawili ya mwanzo umeelekezwa katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na msingi wa kusoma ni mtoto kuioanisha herufi na sauti yake. Zana inayomletea jicho sauti moja na sikio sauti nyingine huuharibu msingi huo kimyakimya. Na kama darasani yumo mtoto mwenye usikivu hafifu, naye aghalabu yumo hata pale mwalimu asipomjua, basi huyo hutegemea midomo kuliko wote, na video mbovu humwondolea hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Hatusemi kwamba kila video yenye ila hii itupwe. Watazamaji wa mabanda ya video wamestarehe miaka mingi na sinema za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na mabingwa kama Lufufu wa Dar es Salaam, na hapana aliyelalamika kwamba midomo ya mwigizaji haifuatani na maneno. Msimulizi hajifanyi kuwa ndiye mwigizaji. Yeye ni mtambaji wa hadithi, na kila mtu anajua. Kadhalika katuni za watoto, mathalani zile za Ubongo Kids zilizoanza kurushwa nchini mwaka 2014, midomo yake imechorwa, na mtoto hajifunzi mahali pa ulimi kutoka katika mchoro. Video ya sayansi inayoonyesha sangara na furu wa ziwa letu, huku msimulizi asiyeonekana akieleza, inaweza kuchelewa nusu sekunde isimpotoshe mtu. Ikichelewa sekunde tano, hapo msimulizi atasema hili ni pezi la mgongo na picha itakuwa imefika mkiani, na hilo ni jambo jingine. Basi swali la kwanza la mwalimu lisiwe kama video ina ila, bali kama somo lenyewe limekaa katika midomo. Somo la matamshi limekaa humo kabisa.

Sasa tueleze mashine inavyofanya kazi, kwa maana asiyejua hilo hubahatisha vitufe kama tulivyobahatisha sisi. Faili la video hubeba mikondo miwili iliyofungwa pamoja: mmoja wa picha, mmoja wa sauti. Picha ni mfululizo wa picha moja moja zilizosimama, ambazo mafundi huziita fremu, kwa kawaida kati ya 24 na 30 kwa kila sekunde. Kila kipande cha mkondo huu na ule kimegongwa muhuri wa wakati wake. Programu husoma mihuri hiyo na kuvitoa vipande kwa zamu. Vikipishana, programu nyingi huifuata saa ya sauti, kwa kuwa sikio hutambua mkatiko mdogo kuliko jicho. Picha huambiwa iharakishe, au isubiri, au iache fremu kadhaa zipotee. Ni kama wapiga makasia wanaomfuata yule mmoja aimbaye. Anayechoka huruka pigo moja ili awe pamoja na wimbo, bali wimbo haungojei mtu.

Kompyuta nyingi zinazofika shuleni ni za zamani au dhaifu. Kompyuta dhaifu ikipewa video nzito, picha hushindwa kufuata. Dalili yake ni picha kwenda kwa kukwamakwama, kuganda kisha kuruka, huku sauti ikienda zake. Ukisimamisha video kidogo na kuirudisha nyuma sekunde chache, hukaa sawa kwa muda kisha huanza tena. Dawa yake ni kuipunguzia mashine mzigo. Funga programu nyingine zote. Usicheze video moja kwa moja kutoka katika flashi. Inakili kwanza kwenye diski ya kompyuta. Tumia nakala ndogo ya video hiyohiyo, yenye mistari 480 badala ya 1080. Kwa darasa la watoto wanaotazama kutoka mita tano au sita, uso mkubwa wa mtu mmoja husomeka vizuri kwa nakala hiyo. Katika mipangilio ya programu mnaweza pia kukuta mahali pa kuruhusu kadi ya michoro isaidie kufasiri picha. Jaribu kuiruhusu, na kama ilikuwa imeruhusiwa tayari, jaribu kuizuia, kwani mara nyingine msaidizi ndiye mwenye kosa.

Ila ya pili ni ya vifaa vilivyounganishwa, na hii hukaa kipimo kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Spika za Bluetooth zimependwa sana na walimu wetu kwa kuwa ni ndogo na zina sauti kubwa. Lakini sauti ipitayo huko hufungwa, hurushwa, hupokelewa na kufunguliwa, na safari hiyo huchukua aghalabu kati ya milisekunde 100 na 300. Baadhi ya kompyuta hujaribu kuichelewesha picha ili ziende sawa, nyingine hazijaribu. Njia ya kujua ni rahisi mno: tia waya. Hitilafu ikitoweka, mkosaji ni Bluetooth, na hapana haja ya kutafuta zaidi. Projekta nayo ina ila iliyo kinyume. Ikipokea picha huirekebisha kabla ya kuitoa ukutani, hasa pale mwalimu anapoiinamisha na kuiagiza inyooshe pembe, na hapo picha ndiyo huchelewa, sauti ya kompyuta ikatangulia. Tumeshaona kwamba sauti iliyotangulia ndiyo mbaya zaidi. Iweke projekta sawasawa mbele ya ukuta ili isihitaji kunyoosha pembe, zima mapambo yote ya picha, na kama ina hali ya michezo ichague hiyo, maana hupunguza marekebisho. Kikibaki kipimo kisichobadilika, hapo ndipo J na K zina kazi yake.

Hapa tungependa mwanachuo ashike desturi moja: abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tumewaona wanachuo wakitia waya, wakibadili programu na kuhamisha faili kwa mkupuo, video ikakaa sawa, na siku ya pili hawajui ni lipi lililoponya. Mwenye video ya pili anayoiamini, fupi, aliyokwisha kuijaribu, amekwisha kupata nusu ya jibu. Ikichezwa sawa katika kompyuta hiyo na spika hiyo, basi vifaa havina kosa na faili lishukiwe.

Ila ya faili lenyewe ndiyo iliyotupata siku ile, nayo twaiona ndiyo inayostahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu itawapata wanachuo wengi kadiri wanavyozidi kujitengenezea zana. Simu haipigi fremu kwa mwendo mmoja. Inapokuwa mahali penye nuru hafifu huacha kila fremu ipokee nuru kwa muda mrefu zaidi, basi idadi ya fremu kwa sekunde hupungua. Nuru ikirudi, idadi hurudi. Sauti lakini hunaswa kwa mwendo usiobadilika. Maadamu faili linachezwa kama lilivyotoka katika simu, mihuri ya wakati hulinda mambo. Shida huja pale faili linapoingizwa katika programu ya kuhariri inayodhani kwamba fremu zote zimepigwa kwa mwendo wa 30 kwa sekunde, ikazipanga hivyo bila kujali mihuri. Fremu zikiwa pungufu, picha huisha mapema kuliko sauti. Fanyeni hesabu: dakika tisa ni sekunde 540, na kwa fremu 30 kwa sekunde inapasa ziwe fremu 16,200. Zikipungua 45 tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua, picha itakuwa imetangulia sauti kwa sekunde moja na nusu. Hiyo ndiyo nafasi iliyokuwapo kati ya thamani na samani. Mwanachuo wetu alikuwa amefunga madirisha na mapazia ya chumba ili kuzuia upepo wa ziwa usiingie katika sauti, naye alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Gizani simu ikampunja fremu. Tena alikuwa ameijaribu video yake asubuhi, kama tunavyowaagiza, akatazama nusu dakika ya mwanzo, akaiona njema. Nusu dakika ya mwanzo huwa njema daima katika ila ya namna hii.

Ila hii si ngeni katika nchi yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, lilifanyika jaribio la sinema za elimu lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, likiongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu zilikuwa za milimita 16, bubu, na maelezo yake yalinaswa katika santuri, ili filamu ileile iweze kusemeshwa kwa lugha mbalimbali za Afrika Mashariki na ya Kati. Wazo lilikuwa la busara, na mwalimu wa leo anayebandika sauti yake juu ya video ya kigeni amelirithi bila kujua. Lakini yeyote aliyewahi kuendesha sinema ya santuri, popote duniani, alijua udhaifu wake: filamu ikikatika na kuungwa, fremu kadhaa hupotea, santuri isipotelewe na kitu, na tangu pale hadi mwisho picha hutangulia sauti. Ni fremu 45 zilezile za simu ya mwanachuo wetu. Baadaye sauti ilipochapwa kando ya filamu yenyewe, sauti ya kila fremu ya milimita 16 iliwekwa fremu 26 mbele ya picha yake, kwa kuwa taa ya picha na kisomaji cha sauti haviwezi kukaa mahali pamoja. Mwendeshaji aliyekosea ukubwa wa kitanzi cha filamu kati ya viwili hivyo aliwaonyesha watu midomo isiyo na maneno yake. Mwendeshaji wa zama hizo alifundishwa kitanzi kabla hajaruhusiwa kugusa taa. Sisi leo tunawafundisha wanachuo kugusa taa tu.

Wapiga sinema walijilinda kwa kugonganisha vibao viwili mbele ya kamera kabla ya kila tendo, na desturi hiyo haina gharama kwetu. Mtu apige kofi moja mbele ya simu mwanzoni mwa picha, na kofi jingine mwishoni. Ukicheza video, tazama mikono inapokutana na sikiliza mlio. Kofi la kwanza na la mwisho yakikaa sawa, faili ni zima. Yakichelewa yote mawili kwa kipimo kimoja, tafuta waya, au J na K. La kwanza likikaa sawa na la mwisho likachelewa, usiguse kitufe chochote, bali rudi kwenye faili la asili, uligeuze kwanza liwe na mwendo mmoja wa fremu (programu ya bure ya HandBrake hufanya hivyo ukiichagulia mwendo usiobadilika), kisha ndipo uhariri. Piga picha karibu na dirisha, saa za nuru. Na kama muda hautoshi kwa yote hayo, katakata somo liwe video fupi za dakika moja au mbili, kila jozi ya maneno na faili lake, kila moja ikatwe pamoja na sauti yake kutoka katika picha ya asili. Video fupi haipati muda wa kupotoka mbali, tena humlazimisha mwalimu asimame kati ya moja na nyingine akazungumza na watoto.

Tunajua jibu la baadhi ya wenzetu. Watasema hayo ni ya fundi, mwalimu ana kazi nyingine. Watasema shule nyingi za vijijini hazina kompyuta wala umeme wa kutegemewa, basi tunapigania nini? Tunajibu kwamba fundi hayupo darasani dakika ya tisa, na kwamba shule yenye kompyuta moja ndiyo isiyo na nafasi ya kuitumia vibaya. Lakini kiini cha hoja yetu ni fomu ya tathmini tuliyokuwa nayo magotini. Fomu hiyo ina mstari wa matumizi ya zana, na tumezoea kuujaza kwa kutazama kama zana ilikuwapo na ilionekana na wote. Mwanachuo anajua. Ndiyo maana siku ile aliendelea kucheza video mpaka dakika ya kumi na tano, ingawa, kama alivyotueleza baadaye, alikuwa ameiona ila tangu dakika ya sita. Aliogopa kwamba akiizima atapoteza alama za zana. Tukijitazama wenyewe kwa haki, alikuwa sahihi kuogopa, tungempunguzia. Tulikuwa tumemfundisha kuwatii mashine na fomu, naye akamfundisha hivyohivyo yule mtoto wa mstari wa pili.

Twapendekeza basi kwamba mstari huo wa fomu ugawanywe. Sehemu moja iulize kama zana ilitayarishwa na kujaribiwa mwanzo, katikati na mwisho. Sehemu ya pili iulize kama mwalimu alitambua zana ilipoacha kufundisha, na alifanya nini. Na katika somo la mbinu za kufundishia itengwe saa moja, moja tu, ambamo mkufunzi ataleta video mbovu kwa makusudi: moja ya Bluetooth, moja ya projekta, moja iliyopungukiwa fremu, na wanachuo wazitambue kabla ya kupewa vitufe. Vifaa vyote vya saa hiyo vimo chuoni tayari. Sisi tumekwisha kuianza katika mkondo wetu mmoja, na wanachuo wamechelewa zaidi kuitambua ile ya tatu, kama tulivyochelewa sisi.

Juma la pili tulirudi katika shule ileile. Mwanachuo alikuwa amepiga picha upya saa nne asubuhi kando ya dirisha, makofi mawili yako mahali pake, kila jozi ya maneno imo katika faili lake. Video ya kwanza na ya pili zilikwenda sawa hadi mwisho. Alipoifungua ya tatu, umeme ulikatika, na betri ya kompyuta ile ilikwisha kufa zamani. Hakutugeukia. Alichukua vioo vidogo vinne alivyokuwa amevitia mkobani, akavigawa kwa makundi, akasimama mbele na kutamka mwenyewe, polepole, huku uso wake umeelekea kwenye nuru ya mlango. Yule mtoto wa mstari wa pili alikishika kioo kwa mikono miwili, akasema fedha, akajitazama ulimi, akasema tena.